Ile miezi sita tuliyomueka mama nyumbani wakati wa korona

mkaa_konde
Jumapili, saa 4 usiku

Asalam aleikum. Nina suali nimekaa nalo miaka sasa na sijui nimuulize nani, nyumbani siwezi kuligusa mana nikilianza tu dada zangu machozi na baba anachukua bakora yake anatoka kwenda kukaa barazani kwa watu, basi nimeona nilete hapa ambapo hamnijui.

Mama, Mungu amrehemu, alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Alikatwa kinyama cha kupimwa Unguja mwezi wa pili 2020, majibu yakatoka mwanzo wa mwezi wa tatu, daktari akatwambia iko daraja la pili, haijenda mbali, lakini kisu hapa hakifai ni mionzi, na mionzi visiwani kwetu wakati ule hakuna, lazima tuvuke Dar. Tukapewa karatasi ya rufaa. Sie watu wa Konde, Pemba, kutoka kwetu mpaka bandarini Mkoani ni kisiwa kizima unakimaliza kwa gari, halafu meli mpaka Unguja, halafu boti nyengine, halafu utafute pa kulala wiki sita saba wewe na mgonjwa na mtu wa kumuuguza. Tukasema sawa, tutauza ng'ombe, ami yangu yupo Temeke atatupokea.

Tarehe 18 mwezi ule ule ikatangazwa korona ishaingia Zanzibar. Hapo kila kitu kikavurugika. Skuli zimefungwa, mtu akikohoa kwenye gari watu wanahama viti, kwenye simu kila saa inaingia video ya Italia maiti zinabebwa kwa malori ya jeshi, na ami akapiga akasema msimlete saa hizi, huyu mgonjwa tayari, akiipata ndani ya boti mtamzika hukuhuku na hata kumuosha hamtopewa. Hilo la kumuosha ndo lililotumaliza. Mama mwenyewe akasema mie nikifa nataka nioshwe na wanangu, sendi pahala.

Dada akapiga spitali tuliyotakiwa kwenda (siitaji), akajibiwa kwa sasa tunapunguza wagonjwa, wacha namba tutakupigia. Akaacha namba yake. Hatukupigiwa. Au pengine walipiga, mana simu ya dada ilitumbukia ndani ya ndoo ya maji wiki ileile na laini ikakaa bila ya simu karibu mwezi. Mpaka leo sijui.

Ikaingia Ramadhani, ikapita Idd, baada ya Idd pesa hakuna tena ng'ombe tushamla kidogokidogo, tukasema tungoje karafuu. Tumekuja kuvuka mwezi wa tisa. Kule walipompima upya wakasema sasa daraja la tatu, imefika ukuta wa nyonga na figo ya kushoto ishaziba. Akapigwa mionzi akamaliza, tukarudi, akakaa vizuri miezi akapika akala akacheza na wajukuu, mwezi wa sita 2021 akafariki.

Baba anasema tulifanya sawa, tungempeleka angekufa na korona. Dada mkubwa anasema tulimuua kwa woga wetu. Mie nataka mtu anaejua anambie kweli, ile miezi sita ilikuwa na kazi au yalikuwa yale yale? Msinifiche.


kibarazani_darajani
Jumapili, saa 4 na nusu usiku

Pole sana ndugu yangu, Allah amghufirie. Usijitese, siku ikifika haingoji boti. Halafu korona yenyewe vitisho vitupu, sie mtaani kwetu tulijifukiza mchaichai na mkaratusi na malimau na hakufa mtu. Walioua watu ni hao waliofunga mahospitali kwa ajili ya mafua.


bint_jangombe
Jumapili, saa 5 kasoro

Mtaani kwenu hakufa mtu, alhamdulillah, mtaani kwetu tulizika, na tulizika usiku. Na Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wetu, jee? Chama chake wenyewe walitangaza anayo, tarehe 17 Februari 2021 tukampoteza. Tusirudishane huko tafadhali, kaka kauliza suali la maana muacheni ajibiwe. Mie nlikuwa kwenye dripu za kansa ya ziwa (titi) mwaka ule ule, ntakuja kuandika kesho watoto wakishalala, leo nimechoka.


nesi_mstaafu
Jumatatu, saa 12 asubuhi

Mwanangu wa Konde, pole. Nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka mingi nikastaafu, na ugonjwa huu wa mama yako nimeuona kuliko nilivyotaka. Umesema usifichwe, basi sikufichi, ila nisome mpaka mwisho usinikate katikati ukaenda kulia.

Kwanza nikuulize, alipokuwa anapigwa mionzi Dar, walimpa na dripu ya kila wiki? Mana kansa hii kawaida yake ni mionzi Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, mara 25 hivi, na kila wiki siku moja mgonjwa anatundikiwa dripu ya dawa ya kuisaidia mionzi ifanye kazi, halafu mwisho mionzi ya ndani mara chache. Yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane, siku 56, ukizidisha uvimbe unapata nafasi ya kuota tena wakati unauchoma. Sasa ile dawa ya dripu inapita kwenye figo, mtu figo imeziba au damu inaonesha figo hazifanyi kazi sawasawa hawampi, wanamchoma mionzi peke yake. Kama mama alikosa dripu, basi hapo ndo utaiona miezi yako sita imekaa wapi. Nikikwambia haikufanya kitu ntakuwa nakudanganya. Kutoka daraja la pili kwenda la tatu si maneno ya karatasi tu, nafasi ya kupona inapungua, tena sana.

Lakini hiyo "acha namba tutakupigia" usiione kama mtu alikufungia mlango kwa makusudi. Wenzetu wanaofanya kazi mionzi walikuwa wanatwambia. Mashine ni ile ile moja au mbili, sasa kila mgonjwa akishuka kitanda kinafutwa, kwenye benchi walipokuwa wanakaa watu sita sasa wanakaa wawili, mfanyakazi akipata homa anakaa nyumbani siku 14 na aliefanya nae kazi pia. Wagonjwa waliokuwa wanapita 10 wanapita 6. Hapo anaeahirishwa ni yupi? Ni yule ambae hajaanza, mana aliekwishaanza ukimkatisha umemharibia yote. Mama yako alikuwa hajaanza.

Na damu. Watu hawalijui hili. Wagonjwa wa shingo ya kizazi wanatoka damu, wanakuja wameishiwa, na huwezi kuanza mionzi mpaka umuongeze. Damu nyingi zinachangwa na wanafunzi skuli, na skuli zimefungwa. Unaona mambo yanavyofuatana? Hakuna kirusi hata kimoja kwenye mwili wa mama yako na bado kimemfikia.

Kuhusu baba. Baba hakusema upuuzi. Mwezi wa nne 2020 hakuna daktari duniani alokuwa na uhakika nini bora, kumleta mgonjwa wa kansa spitali au kumueka. Usimgombeze.


mwanafunzi_tunguu
Jumatatu, saa 7 mchana

Niongezee hapo kwa mama nesi, mana hili nimelisoma kwa ajili ya kazi yangu ya chuo.

Ule woga wa mwanzo wa "mgonjwa wa kansa akiipata korona kaisha" mnajua ulianzia wapi? Kuna ripoti ya China ilotoka mwezi wa pili 2020, wagonjwa wa korona 1,590, kati yao wenye kansa au walowahi kuwa nayo ni 18. Kumi na nane tu, wanajaa kwenye daladala moja na nafasi inabaki. Wakaonekana wanazidiwa kuliko wengine, dunia nzima ikashtuka, kemo, yaani dripu za kansa, zikaahirishwa nchi nyingi. Baadae mwezi wa tano Uingereza wakatoa ya wagonjwa 800, wakakuta kinachoua zaidi ni umri na presha na magonjwa mengine, yule alopata kemo karibuni hakuonekana kufa zaidi kuliko asiepata. Lakini mpaka yanatoka hayo watu washakaa nyumbani miezi miwili mitatu.

Halafu jumla ya dunia. Madaktari wa upasuaji walikadiria kwenye wiki 12 za kilele cha mvurugiko operesheni zaidi ya milioni 28 zitaahirishwa au kufutwa, na milioni 2.3 katika hizo ni za kansa. Marekani mkuu wa taasisi yao ya kansa, Norman Sharpless, aliandika mwezi wa sita 2020 kuwa kwa kansa ya titi na ya utumbo mkubwa peke yake wanatarajia vifo karibu 10,000 zaidi ndani ya miaka kumi, kwa sababu tu ya watu kutopimwa na kucheleweshwa. Hizo za kwao sio zetu, wao wanapimwa kabla ya kuumwa, sie tunakwenda tushaumwa.

Na ile inayokuhusu wewe kaka wa Konde, mwezi wa 11 mwaka ule ule jarida la BMJ lilikusanya tafiti 34, watu zaidi ya milioni moja, wakaona kila wiki nne za kuchelewa operesheni ya kansa hatari ya kufa inapanda asilimia 6 mpaka 8, na kwa baadhi ya mionzi na dawa inapanda zaidi. Hapa watu wanakosea kusoma, sio kwamba katika mia wanakufa wanane zaidi. Ni hatari uliyonayo inazidishwa. Kama ilikuwa 30 kwa 100 inakuwa 32 hivi. Wiki nne ni kidogo, ila wewe una wiki nne mara sita, na inajumlika.

Samahani kama nimekuwa mkavu, pole sana kwa msiba.


kibarazani_darajani
Jumatatu, saa 8 mchana

Dogo mbona unampigia mtu hesabu za mama yake. Hebu kuweni na adabu.


mkaa_konde
Jumatatu, saa 8 na robo

Muacheni, nimetaka mwenyewe.


bint_jangombe
Jumatatu, saa 5 usiku

Haya nimekuja. Mie wangu ulikuwa wa ziwa la kushoto, nilikatwa Januari 2020 na dripu nikaanza Februari, nane zote, kila wiki tatu. Kwa hiyo nimeipokea korona nna kipara tayari.

Nlikwenda zote. Sio kwamba mie jasiri, mume wangu ndo alokuwa ananisukuma, anaendesha mwenyewe ananishusha getini mana ndani hawamtaki, anakaa nje chini ya mwarobaini saa tano sita na chupa ya uji anaisubiri nesi aje aichukue. Ndani tulikuwa tunakaa viti vimeachana, shoga zangu wa dripu niliozoea kupiga nao soga sasa kila mtu yuko kona yake kafunga barakoa huwezi kujua anacheka au analia. Wawili hawakurudi tena baada ya mwezi wa tatu, mmoja wa Makunduchi, namba yake ikawa haipatikani. Kila dripu nilikuwa nakiangalia kile kiti.

Mara moja dawa ikakosekana, dawa zenyewe nyingi zinatoka India na India wamejifungia mwezi wa tatu hakuna ndege, ikabidi mume wangu azunguke maduka ya dawa mji mzima mpaka akapata duka moja limebakiwa na chupa mbili na bei aliyopigwa mpaka leo hajanitajia.

Lakini nnalotaka kukuelezeni ni hili, mana linaweza kumsaidia mtu. Baada ya dripu ya nne, siku ya kumi hivi, nikapata homa. Sio homa ya kuchezea, natetemeka mpaka meno yanagongana. Tukenda spitali moja, usiku, mlangoni wakanipima wakaona joto 39, hapo hapo nikaekwa chumba cha washukiwa wa korona. Nikawaambia mie nipo kwenye dripu za kansa, siku ya kumi leo, wakasema sawa bibi subiri majibu. Nikakaa mule mpaka asubuhi na panadol mbili. Asubuhi kaja daktari kijana, namuombea dua mpaka leo, kauliza "dripu ya mwisho lini?" nikamwambia, akabadilika uso. Kumbe kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu chembe nyeupe za damu zinashuka chini kabisa, na homa wakati huo ni dharura ya kutiwa antibiotiki ya mshipa saa ile ile, haingoji kipimo cha korona wala cha nini. Korona yenyewe sikuwa nayo. Nililazwa siku tisa.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa kemo, andikeni kikaratasi, tarehe ya dripu ya mwisho na jina la dawa, mgonjwa atembee nacho kwenye pochi, na akifika mlangoni na homa aseme maneno hayo kabla hajasema habari za asubuhi. Mripuko wowote ukija, iwe korona iwe nini, kila mwenye homa atatiwa kwenye kapu moja.


fundi_mwanakwerekwe
Jumanne, saa 3 asubuhi

Assalam aleikum. Mie baba yangu ilikuwa tezi dume. Faili limeshapita rufaa ya kwenda India, paspoti tayari, tumeshamshonea na suti ya safari mzee anataka apande ndege kapendeza. Wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu India ikafunga anga. Suti ikabaki kabatini.

Mzee alikasirika, alisema mmeniroga. Sie tukaona ndo basi. Daktari wake hapa akatwambia hii ya mzee inakwenda polepole, tumpige sindano ya kila miezi mitatu inayozima homoni ya kiume, inailaza, tungoje dunia itulie. Ndo akawa anapigwa. Kimekuja kufunguka mwaka wa pili yake, kavuka Dar kapigwa mionzi huko huko, India hakwenda tena na mpaka leo yupo hai anagombana na wajukuu, suti kaivaa harusi ya mdogo wangu.

Sasa mie siku zote nlikuwa nahadithia watu "baba alingoja mwaka na hakuwa na kitu, kansa hazina haraka kama wanavyosema". Kusoma hapa leo nimeona haya. Nimeshamwambia hivo jirani yangu mmoja ana mke wake ana uvimbe. Ntakwenda kwake jioni.


nesi_mstaafu
Jumanne, saa 6 mchana

Fundi nenda, usingoje jioni.

Hilo alosema fundi ndo penyewe. Kansa zina haraka tofauti. Tezi dume ya mzee inaweza kulazwa kwa sindano. Baadhi ya za ziwa, zile zinazolishwa na homoni, walikuwa wanawapa wanawake vidonge wakati wanangoja kisu, na haikuwa vibaya. Nyengine wakafupisha badala ya kuahirisha, Uingereza mwezi wa nne 2020 huohuo wametoa utafiti wa mionzi ya ziwa, badala ya mara 15 kwa wiki tatu unapigwa mara 5 kwa wiki moja na matokeo sawa, fikiria mtu wa Pemba akipunguziwa wiki mbili za kulala Dar ni kodi ngapi hizo. Lakini shingo ya kizazi hakuna kidonge cha kuilaza, na haifupiki namna hiyo. Ilipaswa mtu mmoja awaambie hivo, kwa Kiswahili, ile siku mlopiga simu. Aseme yenu hii haingoji, njooni, kaeni nyuma ya boti nje kwenye upepo. Neno "subiri" waliambiwa wote sawasawa, mwenye tezi dume na mwenye shingo ya kizazi, hapo ndo penye lawama kama lawama unaitaka.

Mwanangu hujanijibu la dripu.


mkaa_konde
Jumanne, saa 4 usiku

Nimekujibu sasa mama nesi. Nlikwenda kutafuta kadi yake, iko ndani ya kasha lake la nguo, chini ya kanga, sikuifungua tokea alipofariki. Dripu hakupewa. Imeandikwa mionzi peke yake, na pembeni figo. Dada alikumbuka waliambiwa "figo hairuhusu" na sie tukaona nafuu, tulijua dripu ni mateso, tukasema alhamdulillah kaepushwa.

Kwa hiyo ndo hivo.

Lakini kuna jengine nimelikuta nikilishika lile kasha. Harufu ya udi. Mama alikuwa anafukiza udi kila siku magharibi, chumbani kwake, mpaka nguo zote zimeshika. Sie tulijua anapenda udi. Nikakaa pale kitandani nikahesabu, lini kaanza kufukiza kila siku? Kwetu udi ni Ijumaa, au mgeni, au harusi. Nikakumbuka Ramadhani moja tunafuturu na moshi umejaa mpaka mdogo wangu akalalamika chakula kinanuka udi, mama akacheka. Ile haikuwa Ramadhani ya korona, ni ya kabla yake, 2019, mana yule mdogo wangu 2020 hakuwepo nyumbani alikuwa Unguja kazini.

Nikampigia dada mkubwa usiku ule. Akanyamaza sana. Akasema mama alikuwa anafua kanga zake mwenyewe usiku, anazianika ndani. Alipomuuliza, mama akamwambia ni siku zake zimerudi. Mama alikuwa na miaka 58.


nesi_mstaafu
Jumatano, saa 12 na nusu asubuhi

Udi ndo kansa hiyo mwanangu. Inatoa maji yana harufu, na mwanamke msafi hawezi kuvumilia, anafukiza. Nimewaona wengi, wanaingia wodini wananukia kama maharusi, sie manesi tukisikia udi tunajua kabla hatujafunua shuka. Na damu baada ya hedhi kukatika miaka, hata tone moja, si siku zimerudi. Hazirudi.

Ramadhani 2019 ni mwezi wa tano. Mpaka kukatwa kinyama mwezi wa pili 2020 ni miezi tisa. Halafu korona ikaweka sita yake juu. Umeniuliza miezi sita, nimekujibu, ilikuwa na kazi. Ila ukiihesabu, hesabu yote, na hiyo tisa ya mwanzo hakuna mtu alokuwa muoga wala mlango ulofungwa, kulikuwa na mama anaona aibu na watoto wanaona udi unanukia vizuri. Mwambie na dada yako mkubwa hivo, asijichome kwa ile simu ilotumbukia ndooni.

Dada zako wana miaka mingapi na washawahi kupimwa? Kipimo chenyewe siki tu inapakwa kwenye shingo ya kizazi, nesi anaangalia kama pamegeuka peupe, dakika tano na majibu hapo hapo. Miaka 30 mpaka 50 ndo hasa wake. Binti zako nao wakifika umri wachanjwe skuli, chanjo ipo tokea 2018.


mkaa_konde
Jumatano, saa 2 asubuhi

Mkubwa 44, wa pili 39. Hawajapimwa hata mmoja, nina hakika. Lakini mama nesi mie mwanamme, ntaanzaje kumwambia dada angu maneno hayo? Hata huo udi jana nimeutaja kwa kuzunguka robo saa.


bint_jangombe
Jumatano, saa 2 na nusu

Usianze weye. Nitumie namba ya dada yako mkubwa faragha, si hapa. Mwambie kuna mwanamke wa Unguja atakupigia, mambo ya kike, basi. Mie ntajua pa kuanzia, kipara changu kilinifundisha kutoona haya.


mkaa_konde
Jumatano, saa 3 asubuhi

Nishakutumia. Mpigie baada ya magharibi, mchana yuko kwenye karafuu na simu anaiacha nyumbani. Na asipopokea tafadhali piga tena.